Fundi Waya na Mashine ya Mpwa Wake

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, nje ya banda la fundi redio, na kitasa bado kimo. Kwa hiyo anayechelewa ndiye anayekalia kitasa. Jumamosi hiyo zamu ilimwangukia Kocha, ambaye hajawahi kufundisha timu yoyote chini ya jua ila maoni anayo ya timu zote. Pembeni yake alikaa Spika, kinyozi wa jirani, ambaye akinong'ona mtaa wa pili wanaitikia. Shangazi Birika alikuwa ameshawamiminia kahawa ya kwanza. Na mlangoni, miwani imeshuka puani, fundi mwenyewe, wanayemwita Waya, alikuwa akikaza skrubu za mashine ya ngoma ya mpwa wake, binti wa dada yake, huyo ambaye siku hizi watu wanamjua kwa jina la Bi Mdundo. Saa kumi jioni Bi Mdundo angepiga muziki wake kwenye ukumbi wa mjini, nusu saa kwa miguu kutoka pale, na Waya alikuwa hajaamua kama ataenda. Kutaka alitaka.

— Mimi jambo moja halinipi usingizi, alianza Kocha. Miaka kumi na moja, kila mashine ya yule binti ikiharibika, anaituma huku kwa basi. Huko aliko mafundi wamejaa tele. Kwa nini?

— Waya ni mjomba wake, alisema Shangazi Birika. Damu nzito kuliko maji.

— Damu hailehemu waya, Shangazi.

— Anaivunja mwenyewe, alisema Spika.

— Mashine yake?

— Makusudi kabisa. Wewe muziki wake umewahi kuambiwa ulivyo? Anachukua mapigo ya ngoma, mazima, yamepigwa na mtu mwenye akili zake, anayakatakata kama kitunguu, halafu anayapanga kombo. Mtu wa hivyo atashindwa kuvunja mashine? Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Hapo methali imeingiaje?

— Imeingia. Wewe kunywa kahawa.

Kocha alikunywa, lakini hakunyamaza.

— Mimi nasema hivi. Kampuni ilimfuata, au haikumfuata? Ikamwambia, binti, imba, sisi tutakuvalisha na kukutangaza. Akawaambia, asanteni, mimi siimbi. Albamu sita katoa mwenyewe. Anatunga mwenyewe chumbani, anabeba vyombo mwenyewe, anasimama jukwaani peke yake na meza ya vitufe, na watu wanaruka mpaka wanalowa jasho. Hakuna mwimbaji, hakuna mpiga gitaa. Sasa niambieni, hao watu wanarushwa na nini? Humo ndani mna kitu, na anayekitia ni huyu hapa.

— Kitu gani? aliuliza Shangazi.

— Pumzi. Si mnamwona anavyopuliza vumbi? Anapuliza hivi, fuu, mashine inarudi kule na uhai mpya. Akiipuliza fundi mwingine, watu ukumbini watasinzia.

— Basi ndiyo maana Waya kakonda, alisema Spika. Pumzi zote ziko kwa mpwa.

Waya alicheka hadi akaweka bisibisi chini. Ana kicheko kizuri yule mzee, akikicheka unasahau kwamba ni mtu wa kimya.

— Semeni mtakavyo, alisema. Mimi namshukuru yule mtoto. Redio nani analeta tena? Watu wana simu, ikifa wanatupa. Kama si mashine zake, banda hili lingekuwa limeshageuka stoo ya viazi, na mimi ningekuwa nyumbani nagombana na ukuta. Amenipa kazi, amenipa sababu ya kuamka. Namshukuru mpaka maneno yananiishia.

— Umemwambia? aliuliza Shangazi Birika.

Waya alivua miwani akaanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

Pale benchini sababu ya kutomwambia waliijua wote. Miaka kumi na moja nyuma, onyesho la kwanza kabisa la binti lilikuwa kwenye bwalo la shule, watu wamejaa hadi madirishani. Katikati ya muziki ngoma zilikatika ghafla, kimya. Kimya kile binti alikuwa amekipanga, ndicho kilichokuwa uhondo wenyewe. Lakini Waya, maisha yake yote, alijua maana moja tu ya redio kunyamaza. Akaruka jukwaani, akawaambia watu watulie, ni waya umelegea, akachomoa plagi na kufungua mashine mbele ya halaiki. Watu walicheka mpaka wakaenda makwao. Wiki iliyofuata binti alihama. Mwezi mmoja baadaye kikaja kifurushi cha kwanza na kikaratasi: «Shikamoo Mjomba. Kitufe cha tatu kinakwama.» Hakuna neno jingine. Waya akaelewa kwamba amesamehewa kama fundi, ila jukwaani asionekane tena. Tangu hapo hajaenda. Hata albamu anazotumiwa ziko kabatini, hazijafunguliwa.

— Ulikuwa na nia njema, alisema Kocha kwa upole.

— Nia njema ndiyo iliyomharibia mtoto siku yake.

Ndipo gari la mizigo likasimama, akashuka mwanamke wa makamo mwenye kofia. Aliwaamkia, akasema yeye ni dereva wa Bi Mdundo, amefuata mashine. Waya akaichomeka kwenye spika ya banda, akabonyeza.

Duf. Duf-tak. Kimya. Tak-tak. Kimya kirefu zaidi, halafu duf moja ikaja mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiingojea.

— Hivi ndivyo inavyotakiwa kulia? aliuliza dereva. Nauliza tu, mimi ni mgeni kwenye kazi hii, na muziki ukianza huwa nje nalinda gari. Nisije nikampelekea mbovu.

Kocha alimtazama Spika. Spika alitazama ndani ya kikombe. Mkono wa Waya ulishaanza kwenda kwenye plagi, akaurudisha.

— Sijui, mama, alisema. Kila skrubu ya humu ndani naijua. Inavyotakiwa kulia sijui.

— Na wewe ndiye fundi wake?

— Ndiye mjomba wake, alidakia Shangazi Birika.

Dereva alimtazama Waya kutoka miguuni hadi miwani.

— Mjomba yupi? Yule wa kiti?

— Kiti gani?

— Maonyesho matano nimempeleka, na kote ni hivyo. Tukifika tu, kabla ya nyaya, anaweka kiti kimoja mbele kabisa, katikati. Haruhusiwi mtu kukaa, wala meya. Ukimuuliza anakwambia, hicho cha Mjomba. Dereva alishusha sauti, akaongeza: Unisamehe mzee wangu, mimi nilidhani ni marehemu.

Waya aliichomoa mashine, akaizungushia nyaya zake taratibu, akaikumbatia kifuani, akaenda kukaa kiti cha mbele cha gari na banda akaliacha wazi.