Oili Kwenye Diski

Basi la asubuhi lilikuwa limeshika barabara kuu pale mama kijana aliyekaa dirishani aliposikia wanaume wawili wakibishana nyuma yake. Mmoja alikuwa dereva wa pikipiki, mwingine fundi. Kucha zake nyeusi zilimtambulisha kabla hajafungua mdomo.

"Mimi na breki za ngoma mpaka kaburini," alisema dereva. "Zimejificha ndani ya gurudumu, hazina makuu."

"Na kaburini zitakuwahisha kweli, ndugu yangu. Teremka mlima na abiria, zikipata moto zinakuaga. Breki ya diski inashika."

"Diski yenyewe inalia kama mbuzi!"

"Inaomba kusafishwa. Bwana mmoja alichoshwa na kelele, akaipaka oili. Ikanyamaza kweli, na breki ikanyamaza nayo. Leo anatembelea magongo."

Dereva alianza kucheka, kisha akaacha.

Mama yule alichomoa simu mkobani. Jana jioni yeye ndiye aliyemwambia mumewe, "Hiyo breki ya pikipiki yako inamwamsha mtoto," na yeye ndiye aliyemshikia kopo la oili akiipaka. Mumewe hutoka na pikipiki bibi yake mtoto akishafika kumpokea mjukuu, na saa ya bibi ilikuwa imefika. Akapiga simu.

Basi likasimama. Wale wawili wakashuka, hakuna aliyekubali kushindwa. Simu iliita, ikaita, kisha ikapokelewa, na kabla mumewe hajasema neno akamsikia mtoto akilia kwa nguvu zake zote.

"Mwache alie, baba," alisema. "Pikipiki usiiguse."