Amri ya Rangi Nyekundu: Maisha ya Asheri Noa Shekiondo, Bwana Afya

Baba Mchungaji, wazee wangu shikamooni, mashehe na majirani wa Chumbageni mlioacha shughuli zenu, watumishi wa afya, wafiwa wenzangu, mimi ni Anold, mdogo wake marehemu, tuliyenyonya naye ziwa moja, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya kaka yangu kama alivyoyaandika mwenyewe kwa mkono wake, na ninaomba mnivumilie, maana historia hii haina adabu tuliyoizoea msibani.

Marehemu Asheri Noa Shekiondo alizaliwa tarehe 12 Machi 1944 katika kambi ya manamba ya shamba moja la mkonge jirani na Mwera, wilayani Pangani, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Noa Shekiondo, mkata mkonge aliyeteremka kutoka milima ya Usambara, na mama yetu Beatrisi. Mwaka 1951 ugonjwa wa kuhara uliingia kambini, ukachukua ndugu zetu wawili ndani ya siku nne, na baba alipokosa kazini siku ya mazishi ya pili, nyapara alimlaza chini mbele ya watu akamchapa fimbo ishirini, Asheri akiwa amesimama pale na umri wake wa miaka saba, akihesabu. Alituambia baadaye kwamba siku ile aliapa kuujua ugonjwa ule unatoka wapi, na sisi tuliokula naye sahani moja tunajua kiapo hicho kilivyotutesa, kwa sababu mtu akiugua tumbo nyumbani kwetu hapewi uji mpaka ajibu alikula nini, alikunywa wapi na nani alitangulia kuumwa.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1953 katika shule ya misheni, akaingia shule ya kati mwaka 1957, akamaliza sekondari hapa Tanga mwaka 1964, na kuanzia Julai 1966 hadi Novemba 1968 alisomea kazi ya afya ya jamii, yaani vyoo, visima, chanjo na kuzuia magonjwa ya mlipuko. Tarehe 2 Januari 1969 aliripoti Pangani kama Bwana Afya, na tarehe 16 Desemba 1972 alifunga ndoa takatifu na mwalimu Yudith, ambaye yupo hapa mbele yenu, wakajaliwa watoto watatu, Loveness mwaka 1973, Manase mwaka 1976, na Noa mwaka 1981.

Kipindupindu kilipopiga mwambao mwaka 1978, marehemu alikuwa mtu wa kwanza kuingia nyumba ambazo wengine walizipita wakiwa wameziba pua, akizuia maiti wasioshwe bila dawa na akimwaga vyakula vya matanga, kazi ambayo haina asante, na katika msiba mmoja wafiwa walimwangusha, wakamkanyaga, wakamtoa meno mawili. Kesho yake asubuhi alirudi kwa wafiwa walewale na mdomo umevimba, akakaa jamvini akawaambia kwamba mficha maradhi kilio humfichua, wakamwonyesha wagonjwa sita waliokuwa wamewafungia chumba cha uani, na wote sita walipona. Huyo ndiye Asheri mnayemjua, na mimi ningependa kuishia hapo, na wapo katika nyumba hii walionitaka niishie hapo, hata mwanawe Manase jana mchana alinikaba koo pale uani akitaka karatasi hizi azichane, tukagaragazana mchangani, mtu mzima na mjukuu wa baba yake, mpaka mama yake alipotumwagia maji. Simlaumu Manase, lakini la kuvunda halina ubani, na marehemu mwenyewe ameandika juu ya ukurasa unaofuata kwamba usomwe wote.

Mwaka 1979 alipewa msaidizi, Mselem Shekhe, kijana wa Ngamiani, mcheshi, mwenye kuchukua damu na choo cha mgonjwa kwa mkono mwepesi hata mtoto asilie, mume wa Bi Mwanakombo na baba wa mtoto mmoja wa kiume. Kwa miaka mitatu wawili hao walikula pamoja, wakalala vibarazani pamoja, na Mselem ndiye aliyekuwa anamfundisha kaka yangu kuongea na watu wa pwani, kwa kuwa Asheri, Mungu amrehemu, alikuwa akiingia mji wa mtu kama anayekamata mwizi.

Oktoba 1982 kipindupindu kilizuka katika kijiji kimoja cha njia ya Mwera, ambacho marehemu ameomba tusikitaje kwa kuwa watoto wa kijiji kile hawana kosa. Mnaukumbuka mwaka ule, sabuni kwa kibali, mafuta ya gari kwa kibali, chokaa hakuna mkoa mzima, na Asheri alitaka kila nyumba iandikwe namba mlangoni ili ajue ugonjwa umeanzia wapi na unaelekea wapi, akapata kopo moja tu la rangi, nalo lilikuwa la rangi nyekundu. Mselem alimkatalia. Alimwambia, tena kwa heshima, "Bwana Mkubwa, watu wa huku nawajua, wanaogopa mumiani, tumekuja na gari, tunawatoa damu, ukiwapaka na wekundu mlangoni watasema tunachagua wa kuchinja," akaomba waandike kwa mkaa, au wasubiri siku mbili. Asheri alijibu kwamba kipindupindu hakisubiri mkaa wala ushirikina, kwamba hiyo ni amri, na kwamba asiyeweza kutii amri arudi Ngamiani akauze vitumbua.

Jumanne tarehe 19 Oktoba, saa tatu asubuhi, Asheri aliondoka na gari kufuata dawa na chupa za maji ya mshipa Pangani mjini, akamwacha Mselem na lile kopo. Mselem aliandika nyumba kumi na tisa. Katika nyumba ya ishirini kulikuwa na mtoto aliyekufa alfajiri, na mama yake alipotoka akakuta brashi nyekundu mlangoni alipiga ukelele, likapigwa debe, wakatoka watu na michi, na majembe, na vifuo vya nazi, na visu vya kukatia mkonge. Mselem alikimbilia shuleni, mlango ukafungwa, akakimbilia barabarani, wakamfikia pale. Walimvunja miguu kwanza ili asikimbie tena, kisha wakammiminia rangi iliyobaki kichwani, wakaendelea kumpiga, wanawake kwa wanaume, watu waliokuwa wamempokea kwa madafu siku mbili kabla.

Sasa nasoma maneno ya marehemu bila kupunguza. Ameandika kwamba alirudi saa nane kasoro, yeye na dereva, wakaliona kundi lile barabarani na kitu chekundu katikati yake, na kwamba gari lilipopiga honi watu walisogea kidogo, naye akamwona Mselem amelala chali, na Mselem akainua mkono. Ameandika kwamba mkono ule uliinuka mara mbili. Jiwe lilipita kwenye kioo cha gari likampasua Asheri jicho la kushoto, akamwambia dereva arudi nyuma, dereva akasita, akamwambia tena, wakageuka wakaenda kuita polisi, na waliporudi jioni Mselem alikuwa amekwisha kukauka. Dereva alifariki mwaka 1989 bila kusema neno, na Asheri anasema ukimya wa yule mzee ulimuuma kuliko jicho.

Polisi walifanya walivyofanya, walivunja milango, waliwachapa wazee mbele ya wake zao, wakabeba wanaume thelathini na mmoja, na baada ya hapo hakuna mtumishi wa afya aliyekanyaga kijiji kile kwa muda wa mwezi mzima, kipindupindu kikabaki peke yake na wenyeji, kikaua watu kumi na wanne. Tume ilipoundwa kuuliza nani aliyetoa wazo la rangi nyekundu, marehemu alikuwa hospitali, bandeji usoni, watu wakimwita shujaa, naye akaandika kwa mkono wake kwamba Mselem Shekhe alikaidi maelekezo ya kutumia mkaa, akatumia rangi kwa ukaidi wake mwenyewe. Karatasi hiyo ilisomwa hadharani, mbele ya watumishi wote na mbele ya ndugu zake Mselem. Hakuna mfanyakazi mwenzake Mselem aliyekwenda kwenye arobaini yake, wakwe walimfukuza Bi Mwanakombo na mtoto wake wakisema mume wake alijitakia na pengine alikuwa mumiani kweli, na mtoto yule amekua Ngamiani akipigana kila siku na wenzake kwa ajili ya jina hilo. Kaka yangu yeye alipewa cheti.

Na si cheti tu, kwani kwa sifa hiyo alichaguliwa mwaka 1984 kwenda ng'ambo kwa miezi kumi na minane, akasomea ufuatiliaji wa magonjwa ya mlipuko, jinsi ya kuhesabu wagonjwa, kuwachora kwenye ramani na kuusaka ugonjwa nyumba hadi nyumba hadi kwenye chanzo chake. Aliporudi mwaka 1986 alikuwa bingwa, sikatai, na vijana aliowafundisha wako hapa, wanakumbuka somo lake la kwanza, kwamba kabla hujafungua mkoba wako kaa chini umuulize mwenyeji anaogopa nini. Hakuwaambia somo hilo alilipata kwa nani.

Mwaka 1992, biashara zikiwa zimefunguliwa, maduka ya Ngamiani yamejaa sabuni za kila rangi na maji ya bomba hayatoki, kipindupindu kilirudi, na marehemu alitembea wiki mbili kwa miguu akaandika wagonjwa mia mbili na kumi na wawili, wengi wao wakiwa wamekunywa maji ya kisima kimoja cha uani. Aliamuru kizibwe. Wauza maji walimvamia kwa mipini ya mikokoteni, wakamvunja mkono, na mwanamke aliyejitokeza akajitupa juu yake, akawatukana wale vijana mpaka wakaona haya, alikuwa ni Bi Mwanakombo, aliyekuwa akiuza vitumbua kona ile. Alimfunga mkono kwa kanga yake, akamwambia, "Bwana Asheri, nisamehe kwa niaba ya mume wangu, nilisikia alikukaidi." Kaka yangu ameandika kwamba alifungua kinywa, akaitikia, "Nimesamehe."

Wapendwa, nilipofika hapo kwa mara ya kwanza nilizitupa karatasi hizi chini. Nimempenda kaka yangu maisha yangu yote, amenisomesha, amenioza, na siku ile, akiwa hai kitandani akinitazama kwa jicho lake moja, nilitaka kumpiga.

Marehemu alianza kuugua koo mwezi Februari 1996, tarehe 9 Mei akathibitika kuwa na saratani, na kufikia Julai sauti ilikatika kabisa, akawa anaandika tu, madaftari mawili, na yule aliyewauliza wengine maisha yake yote akaanza kujijibu. Nilimwuliza kwa nini asimwite Bi Mwanakombo akamwomba radhi kimya kimya, akaandika, "Uongo nilimpa mbele za watu, na ukweli apewe mbele za watu." Alifariki Jumanne tarehe 3 Septemba 1996, saa tano asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, Baba Mchungaji na kwaya, majirani wa Chumbageni walioleta kuni, maji na viti, mashehe waliokuja kukaa nasi siku zote tatu, na watumishi wa afya waliomchimbia kaburi kwa mikono yao. Na mbele yenu nyote, kwa niaba ya marehemu, natamka kwamba Mselem Shekhe hakukaidi amri yoyote, Mselem alionya, akakataliwa, akatii, akafa kwa kosa la mkubwa wake, na mwanawe anyanyue uso popote alipo.

Wasia wa mwisho ni huu, kwamba jeneza lisiteremshwe mpaka Bi Mwanakombo, tuliyemfuata Ngamiani asubuhi hii na ambaye amekaa pale karibu na mjane wetu, aseme neno lake, liwe lolote, laana au msamaha, na kama atapenda kuondoka bila kusema kitu, apishwe njia, asishikwe, asibembelezwe.

Kaka Asheri, hapa ndipo mdogo wako anapotakiwa kukutakia mapumziko ya amani. Amani hiyo mimi sina ya kukupa.

Shemeji Mwanakombo, tunakusikiliza.