Miguu ya Virginie

Mukaribie, batoto yangu, na weye muke yangu Hortense acha kupanga mito, ikala chini, juu sauti yangu leo iko kidogo na sina nguvu ya kusema neno moja mara mbili.

Léonard, weye njo mukubwa. Nyumba hii ya Kamalondo iko ya mama yenu mpaka siku Mungu atamuita. Ndugu yangu Chola akitoka Kongolo na kusema iko yake, umupatie chakula, umupatie fasi ya kulala, kisha umusindikize ku gare ya treni. Kinga yangu, ile ya magurudumu mbili, iko yako. Ile harmonium ya ku ukuta, kinanda ya upepo, nilisikia muntu wa Kasomeno anaitaka. Haiuzwe. Bapadri balinipatia wakati mufuko yake ya upepo ilipasuka, nikaishona na ngozi ya mbuzi, nikaipiga mu kanisa mpaka kifua ikanikataa. Iko ya dada yako Virginie, hata kama hataki kuigusa.

Najua, Virginie, hutaki. Tokea siku ya shule ya muziki hukuweka kidole, na mu nyumba hii kila muntu anasema mambo ile kwa namna yake. Basi muisikie kwa muntu aliyeiona.

Ule muzungu, Bwana Roosens, alikuwaka na jina kubwa kule Ulaya, bantu banajaza nyumba juu ya kusikia piano yake, kisha vita ikamufunga, ikamurudisha na mikono ya kutetemeka na chupa mu mufuko ya koti. Njo yeye balimuweka achague banafunzi, na mwaka ule balisema mutoto mweusi mumoja anaweza kujaribu. Miye balinikataza kuingia. Nikasimama inje, ku dirisha. Virginie akaanza muzuri sana, bidole yake safi kupita yangu. Halafu nikatazama chini, nikaona miguu.

Alikuwa anakanyaga kushoto, kuume, kushoto, kuume, vile nilimufundisha, juu harmonium inakulaka upepo, ukiacha kukanyaga inanyamaza. Piano haiombe upepo. Kile chuma yake ya chini, ukiikanyaga, sauti ya nyuma inabaki inalia pamoja na ya mbele, na wimbo yote ikageuka kelele ya soko. Nilijua pale pale. Mwenye nyumba njo anajua fasi inavuja, lakini nyumba ile haikuwa yangu, na kinywa yangu ilibaki ku kioo. Bwana Roosens akapiga magoti, akashika muguu yake polepole, akasema, « Doucement, mademoiselle, laissez le pied », ni kusema polepole, binti, acha muguu. Muguu ikasimama. Na bidole nayo ikasimama. Mutoto hakujua kupiga na miguu ya kulala.

Akaikala yeye mwenyewe ku piano juu ya kumuonyesha. Mikono ikakataa. Akarudilia, ikakataa tena, akafunga kifuniko ya piano na kulia mbele ya bote. Bakamutoa inje, bakamutoa na Virginie, bakaita mwingine. Hakuna hata mumoja alisema hapana.

Kwa hiyo, Léonard, acha kumulaani ule muntu kila mara unakunywa pombe, na weye Hortense, acha kusema ndugu yangu Chola alitupa dawa ya uchawi juu ya kumufunga mutoto. Maji ikisha kumwangika haizoleki. Niliona uso yake: alijua muziki iko wapi na hakuweza kuifikia, sawa miye ku dirisha. Sina chuki naye.

Virginie, banasema nilikufundisha mubaya. Nilikufundisha kile nilikuwa nacho. Hata leo sikuamuru upige, baba haamuru bidole ya mutoto, na nimechoka kulala hapa nikitazama ile mbao ya harmonium imefungwa, bila kujua neno gani itaifungua.

Mukinipeleka ku makaburi, musipitie njia ya kiwanda. Ile moshi ilikula kifua yangu ya kutosha. Musigombane ku matanga. Mama yenu asilale peke yake...

Ngoja. Ngoja nipumzike.

Nani amefungua mbao? Hortense, ni nani? Macho imekuwa giza. Nasikia ngozi ya mbuzi inavuta. Kushoto, kuume. Sauti bado, iko upepo tu. Usikimbilie, binti yangu, mama yangu, bidole itakuja, ao haitakuja. Mungu abariki nyumba hii. Abariki Léonard na mikono yake, abariki ule... njo Hortense, anayenifunika. Na ile miguu, Baba wa mbinguni, ile miguu uibariki kupita yote. Kanyaga, mama. Kanyaga.