Dada Subiri, Aliyetangaza Alichokwisha Kukitumia

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Dada Subiri, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, akiwa kifungua mimba wa fundi saa na mkewe mshonaji. Alimaliza sekondari mwaka 1989, kisha akasomea mauzo katika chuo cha biashara na kupata cheti.

Mwaka 1992 aliajiriwa katika duka la vifaa vya nyumbani na kuwekwa kwenye dirisha la kurudishia bidhaa. Hapo alikaa miaka ishirini akipokea birika zinazovuja, pasi zinazounguza nguo na hasira za wenye nazo. Mteja akifoka, yeye alisema, "Subiri kwanza, nieleze taratibu." Jina likamganda. Jioni alirudi nyumbani amechoka hata kuitikia salamu.

Alifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1996 na fundi rangi, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Walijaliwa binti na mvulana.

Duka lilipofungwa mwaka 2012, mdogo wake, fundi kompyuta, alimwingiza katika kazi nyingine. Mtu akitafuta kitu mtandaoni, juu ya majibu hutokea matangazo ya kulipia. Wao waliyaandika kwa ajili ya bidhaa za wenzao. Kila aliyebofya tangazo aliwagharimu. Akinunua, walipata kamisheni. Asiponunua, ilikula kwao. Kwa hiyo kazi nzima ilikuwa kuchagua bidhaa. Mdogo wake alitazama kamisheni kwanza. Marehemu alisoma malalamiko ya wanunuzi, akamwandikia muuzaji kuuliza bidhaa inarudishwaje, kisha akaiagiza na kuitumia nyumbani. Ukumbi ukajaa mito ya mgongo, vichujio vya maji na viti. Kuna kiti kimoja alichomkalisha mumewe mwezi mzima. "Mama," mzee alilalamika, "hiki kiti ndicho kinachonikalia mimi." Hakukitangaza.

Mwaka 2018 ulikuja mkanda wa kuyeyusha kitambi. "Dada, kamisheni yake nono, na watu wanautafuta kila saa," mdogo wake alimwambia.

"Wanautafuta kwa sababu hawajaupata. Nimemwandikia muuzaji mara mbili, kimya. Mtu akitaka kuurudisha ataenda kwa nani?"

"Hilo si letu. Sisi tunatangaza tu."

"Aliyewaleta ni nani?"

Mwezi uliofuata alilazwa. Figo zilikuwa zimeanza kumsumbua. Alipotoka alikuta mkanda umetangazwa bila yeye kujua, wanunuzi wanalalamika, na akaunti yao ya matangazo imefungwa na wenye mtandao, pamoja na matangazo yote ya bidhaa nzuri waliyoyajenga kwa miaka. Mdogo wake alisimama mlangoni akisubiri kutukanwa. Marehemu hakuwa na nguvu hizo. Alivuta kiti, akaanza kuwajibu walalamikaji mmoja baada ya mwingine, akiwaonyesha namna ya kumbana muuzaji awarudishie fedha. Ilimchukua majuma. Wengine walimtukana yeye.

"Dada, achana nao," mdogo wake alimsihi.

"Nikiachana nao, wewe utawajibu?"

Tangu siku hiyo walijibu wote wawili. Mwaka uliofuata walikubaliwa kuanza upya, na bidhaa moja tu: mkeka wa mpira wa bafuni usioteleza. Haukuwa na faida kubwa. Lakini haukurudishwa.

Kuanzia mwaka 2021 alisafishwa damu hospitalini mara tatu kwa juma. Ndugu walimletea picha za dawa walizoona kwenye matangazo, za kuponya figo kwa mwezi mmoja. Aliyasoma yote kwa adabu, akasema, "Huyu anajua kuandika," akarudisha simu.

Wiki yake ya mwisho mdogo wake alikaa kando ya kitanda na kumsomea bidhaa mbili: taa ya kusomea na kiti cha kuogea wagonjwa. Alimuuliza watangaze ipi.

"Chagua wewe," alisema. "Mimi nimechoka kuchagua."

Mdogo wake aliyasoma tena maelezo ya bidhaa zote mbili. Kisha akasema, "Basi nitaagiza kiti. Mama kule nyumbani anaoga kwa shida siku hizi. Akikikataa, tutaachana nacho."

Marehemu alimtazama, akamshika mkono, akalala. Tangu mkasa wa mkanda hakuwa amewahi kumwachia achague peke yake.

Alifariki alfajiri ya tarehe 22 Juni 2023, mumewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mume, binti na mvulana, mjukuu mmoja, mama yake mzazi, na mdogo wake anayeendelea na kazi yao.

Alichoka kwa ajili ya wengi. Sasa na alale salama, asiamshwe na lalamiko la mtu yeyote.