Bi Herufi na Kifuniko Kilichogeuka

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Bi Herufi anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya kutuumiza vichwa. Jina hilo tulimpa sisi wa chumba cha kupanga kurasa, naye akaliitikia siku hiyohiyo, kwa hiyo asije mtu leo akajifanya kumwita kwa jina la kwenye kitambulisho.

Alianza gazetini kama mpiga taipu. Siku moja ukurasa wa mwisho ulibaki na pengo, mhariri anahangaika, yeye akajitosa: zitolewe herufi saba, msomaji aunde maneno ya Kiingereza kadiri awezavyo, likiwemo moja refu linalozimaliza zote. Pengo likazibwa na mpaka leo limezibwa. Walinzi, makondakta na wauguzi wamejifunzia Kiingereza pale. Na baadhi yetu humu ndani pia, ila tunaona haya kusema.

Ana kanuni moja: neno asiloweza kumweleza mama mkwe wake likaeleweka, halichapishwi. Vijana wa kompyuta walimletea programu inayochambua maneno kufumba na kufumbua. Alishukuru, akaitumia, akaenda na matokeo nyumbani, na mama mkwe akayakata nusu. Bibi yule hajawahi kukanyaga ofisi hii, lakini ametufutia maneno kuliko mhariri yeyote.

Sasa nisimulie ile fainali, maana nisipoisimulia mtaninunia. Miaka mitano iliyopita mwenye gazeti aliuchoka ukurasa huo wa fumbo, akataka nafasi yake iende kwa matangazo. Akatoa sharti: shindano la wasomaji lifanyike ukumbini, mbele ya wadhamini, na likituaibisha kwa lolote, ukurasa ufutwe na Bi Herufi atafute pa kwenda. Alimwambia hayo mbele yetu sote, bila hata kumkaribisha kiti. Niliumia, na mpaka leo sijapoa.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Bi Herufi huchora herufi zake kwenye vifuniko vya makopo ya rangi, huvitia sumaku nyuma, kisha huvibandika mwenyewe kwenye ubao wa chuma. Siku hiyo alivibandika kwa haraka. Akabandika N, E, T, M, O, R, K, akaanzisha saa. Wachezaji walikuwa watatu: dereva wa lori, mwalimu wa hesabu, na fundi cherehani aliyekuja na tepu yake shingoni. Aliyepata neno alinyoosha mkono na kulitaja.

Dereva akasema "torn". Mwalimu akasema "token". Fundi cherehani akasema "mentor", akaongoza, ukumbi ukampigia makofi. Baada ya hapo neno refu haliji, saa inakimbia, wadhamini wanaanza kutazamana.

Nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka ubaoni, nikamwona Bi Herufi anabadilika rangi. "Mentor" haikuwa kwenye maneno aliyoyaandaa. Akatazama vifuniko vyake vizuri, akaelewa. Kifuniko cha mviringo hakina juu wala chini, naye alikuwa amebandika W kichwa chini, ikawa M. Neno refu lilikuwa "network", na pale ubaoni halikuwepo kabisa.

Mkuu wa matangazo wa gazeti naye aliliona kosa hilo. Akamnong'oneza: kigeuze tu kimyakimya, nani atajua? Na kweli, hakuna ambaye angejua. Lakini kikigeuzwa, M inatoweka, "mentor" inafutwa, na fundi cherehani anatoka wa kwanza anakuwa wa mwisho. Na akisema ukweli, ukurasa wake umekwenda. Jamani, roho ilikuwa mkononi.

Bi Herufi akasimamisha saa. Akasema kwa sauti kavu kwamba herufi ameibandika vibaya yeye mwenyewe, neno refu halimo, na yote yaliyopatikana yanabaki kama yalivyo, kwa sababu mchezaji hucheza anachokiona. Mwenye gazeti akafunga vifungo vya koti, akasimama aondoke. Mimi nilishaanza kupanga maneno ya pole.

Ndipo fundi cherehani akauliza: herufi gani hiyo? Bi Herufi akakishika kifuniko mbele ya watu wote, akakigeuza. Loo! Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Network!" Mwingine "Owner!" Mdhamini wetu mkubwa kapanda juu ya kiti, anadai "Tower" aliiona yeye kwanza. Watu walijaa mlangoni hata mwenye gazeti akakosa pa kupitia. Akarudi, akakaa. Baada ya muda akanyoosha mkono. Ukurasa haukuguswa tena.

Fundi cherehani alishinda, na wiki iliyofuata akaja kuomba kufundishwa kazi. Bi Herufi alimkaribisha kiti kwanza. Tangu hapo kila M na kila W humu ndani ina mstari chini yake, na kuanzia Jumatatu ukurasa ni wa huyo mwanafunzi wake.

Nimechungulia fumbo lake la kwanza. Ni N, E, T, M, O, R, K. Nikamwambia mbona hapo neno la herufi saba hamna. Akanijibu kwamba anajua, analotaka ni la herufi sita, na mama mkwe wa Bi Herufi keshalipitisha: ni mtu anayekushika mkono mpaka ujue kazi.

Asante, Bi Herufi. Tunakuombea afya, chai ya moto na asubuhi zisizo na haraka. Na Jumatatu ukilipata hilo neno, ujue ni wewe.