Mimea ya Tundra kwenye Benchi la Kinyozi

Benchi lililo mbele ya kibanda cha kinyozi hubeba watu wanne wanaopatana au watatu waliogombana. Jioni ile walikuwapo watatu, na hawajagombana: kinyozi mwenyewe, aitwaye Wembe, fundi saa, aitwaye Dakika kwa sababu kila kazi huiahidi baada ya dakika moja, na Birika, muuza kahawa, ambaye hukaa ukingoni ili ainuke upesi kumimina. Mwalimu wa jiografia alipofika na bahasha kwapani, wakasogea. Dakika ni mjomba wake, akamtazama mara moja tu akajua kuna jambo. Ni kweli. Asubuhi ile swali moja lilikuwa limemnyamazisha mbele ya darasa lake, na kesho, kipindi cha kwanza, darasa lile lile lilikuwa linamsubiri alete jibu.

— Swali gani hilo la kumshinda Ticha wetu? akauliza Wembe.

— Niliwafundisha tundra.

— Tundra ndiyo nani?

— Si mtu, Wembe. Ni nchi za baridi kali, kaskazini kabisa. Udongo wa chini umeganda mwaka mzima, miti haioti, vimea vyake vingi havikufiki hata kwenye goti. Watafiti wamezungushia kamba kipande cha ardhi. Kila mwaka, wiki ile ile, wanarudi kupima kila mmea uliomo. Sasa ni miaka kumi na miwili. Nikapiga mwenyewe wastani wa urefu wa mimea yote pamoja, kila mwaka, nisiwachoshe watoto. Wao wachore grafu tu, kisha waniambie joto linalopanda kule linafanya nini.

— Wakachora?

— Vizuri mno. Kutoka sentimita nane hadi kumi na nne, mstari unapanda. Binti mmoja akanyoosha mkono: “Mwalimu, kumbe joto linaifaa mimea. Sasa unatutishia nini?” Darasa zima likapiga makofi. Kengele ndiyo iliyoniokoa, mjomba.

— Huyo binti aje anyolewe bure, akasema Wembe. Mimi siku za joto wateja wanarudi baada ya wiki mbili. Za baridi, mwezi mzima. Mmea ni unywele wa dunia, Ticha. Ukipata joto, unaota.

— Nyamaza wewe, akasema Dakika. Mwanangu, hiyo mimea haijakua hata kidogo. Theluji ilikuwa imeikalia mgongoni. Sasa inayeyuka mapema, mimea inajinyoosha. Hata mimi nikiamka nina urefu mmoja, nikishakunywa chai nina mwingine.

Birika akainuka, akammiminia mwalimu, akasema taratibu:

— Ardhi ndiyo inayozama. Umesema chini kumeganda, si ndiyo? Barafu ikiyeyuka, udongo unabonyea. Mmea uko pale pale.

— Wote mmepotea, akasema Wembe. Tatizo ni mpimaji. Miaka kumi na miwili ya kuinama! Kiuno kimegoma. Siku hizi anapima kwa macho, wima, mkono mfukoni.

Mwalimu alicheka mpaka kahawa ikammwagikia kidoleni. Aliwapenda kwa hilo, kwamba hapakuwa na swali walilolikataa mlangoni. Lakini kesho haikumtoka kichwani. Alikuwa amesoma vya kutosha kujua kwamba mambo hayakuwa mema kule. Angeweza kuliambia darasa liamini kwa kuwa yeye ni mwalimu. Hilo ndilo hasa hakutaka.

Mama mmoja mshonaji, futi kamba shingoni, alikuwa amekuja kuchukua saa yake ya ukutani. Alisimama muda, akisikiliza.

— Samahanini. Hivyo vimea vimekua, au vimebaki virefu tu?

Watatu wakamgeukia.

— Una maana gani, mama? akauliza mwalimu.

— Mimi nashona sare. Mwaka jana shule ninayoishonea ilihamishia kwingine madarasa ya watoto wadogo. Wastani wa vipimo vyangu ukapanda ghafla. Hakuna mtoto aliyerefuka.

Mwalimu akaichana bahasha. Ndani mlikuwa na kurasa alizowaficha wanafunzi kwa huruma, kila aina ya mmea na ukurasa wake. Akawagawia.

— Msome idadi, mwaka baada ya mwaka.

— Changu kichaka, akasema Dakika. Mwaka wa kwanza vitatu. Wa mwisho, kumi na tisa. Kinajitanua, bwana!

— Nyasi zangu zipo zipo tu, akasema Birika.

— Mimi nina kijimea cha maua meupe, akasema Wembe. Urefu wa kucha. Lakini mwaka wa kwanza, hamsini na mbili! Jeshi hili. Mwaka wa tano, thelathini. Dakika, kichaka chako kinawanyima wangu jua.

— Endelea, akasema mwalimu.

— Wa nane, sita.

Sauti yake ilikuwa imeshuka.

— Wa kumi, kimoja. Wa kumi na moja kuna kistari. Wa kumi na mbili, kistari.

Akaugeuza ukurasa. Nyuma kulikuwa kweupe.

— Ticha, lete karatasi yake nyingine.

— Hana nyingine, Wembe.

Mwalimu akanyoosha mkono, maana kesho darasa lingeihitaji. Wembe hakuiachia.