Mzee Kipara na Matairi ya Nyuma

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, fundi wetu wa matairi atavua ovaroli yake ya bluu kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na miezi minne katika karakana ya hospitali yetu. Katika muda wote huo hajawahi kuomba uhamisho, hajachelewa kazini zaidi ya mara mbili, na hajawahi kumaliza mwezi bila kugombana na idara ya usafiri. Anayeandika haya ndiye mpangaji wa safari katika idara hiyo, kwa hiyo ushahidi anao.

Wageni hudhani jina la Mzee Kipara limetokana na kichwa chake. Wakimwona hushangaa, maana mzee ana nywele tele, nyeupe pe, zinazomtoa kinyozi jasho. Jina lilitokana na matairi. Alipoanza kazi, kila dereva aliyemletea gari lenye tairi lililolika alijibiwa neno moja tu, "Kipara," kisha ufunguo ukaingia mfukoni mwa ovaroli. Madereva walipochoka kulisikia neno hilo, wakamrudishia mwenyewe. Likamganda.

Kipimo chake ni njiti ya kiberiti aliyoitia alama ya wino. Huichomeka kwenye mifereji ya tairi; alama ikibaki nje, gari halitoki. Lakini hakuishia kwenye kina. Alitufundisha kusoma tarakimu nne zilizo ubavuni mwa tairi, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa, kwa sababu tairi linaweza kuzeekea stoo bila kukanyaga barabara hata siku moja, raba ikakakamaa, lisishike lami yenye maji. Alikataa matairi mapana yasiyolingana na gari, hata yalipoletwa kama zawadi na watu wakapiga picha. Alikataa kuchanganya aina mbili kwenye ekseli moja. Kwake yeye kung'aa si sifa ya tairi. Alitaka kujua litashikaje njia wakati wa mvua, na kama gari litatulia kwenye kona.

Nyumbani hali ni ileile. Mkewe anasema wageni wakifika, mzee huyasalimia magurudumu yao kwanza. Siku ya harusi ya mpwa wake alilikataa gari la maharusi mbele ya wapambe wote, bibi harusi akapelekwa kwenye pikapu ya jirani, shela imefungwa kwa kamba ya turubai isipeperuke. Dada yake alimnunia miezi minane.

Ukali huo una chanzo, wala si siri. Katika mwaka wake wa nane kazini, mkubwa mmoja alitaka gari la chanjo litoke haraka. Matairi yalikuwa yamekwisha. Fundi alisema, akafokewa, akanywea, akasaini. Gari liliserereka mteremkoni na kulala ubavu. Dereva, aliyekuwa naye chanda na pete, alivunjika nyonga. Hadi leo anatembea kwa fimbo, na ndiye anayepokea simu zetu pale mapokezi. Mzee Kipara alimuuguza wiki sita, akimlisha kwa mkono wake. Tangu hapo hakuna aliyemsainisha tena jambo ambalo moyo wake umelikataa.

Kisha ikaja ile alasiri ya mvua, miaka kumi na moja iliyopita.

Siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa kwenda kupima macho. Gari la wagonjwa lilikuwa limeletewa matairi mawili mapya, na mpangaji wa safari, huyuhuyu anayeandika, akaamuru yafungwe mbele. Ilionekana ni akili ya kawaida: usukani uko mbele, na injini iko mbele. Yaliyolika yakabaki nyuma. Saa tisa mvua ikaanza kumwagika. Dakika ishirini baadaye mkunga akatoka mbio wodi ya wazazi. Mama mjamzito alikuwa anavuja damu, daktari wetu wa upasuaji alikuwa safarini, na hospitali kubwa iko kilomita sitini na tano, barabara ya milima na kona.

Dereva, tunayemwita Chapuchapu, alikuwa ameshawasha injini. Wakati huohuo Mzee Kipara akaingia getini akichuruzika maji. Akalizunguka gari, akainama nyuma, akachomeka njiti yake. Aliponyanyuka alipitisha mkono dirishani, akazima injini na kuchomoa ufunguo.

"Halitoki hivi," alisema. "Mapya yaende nyuma."

Ilizuka kelele ambayo baadhi yetu tunaionea haya mpaka leo. Mwandishi wa wasifu huu alimwita mwuaji, kwa sauti, mbele ya watu. Chapuchapu alimsihi kama mtoto anavyomsihi baba yake. "Mzee, mbele ndiko ninakoongozea! Nipe ufunguo, nakuomba!"

Mzee alikuwa ameshapiga magoti anasukuma jeki. Alimjibu bila kugeuka. "Ya mbele yakianza kuteleza, utaambiwa na usukani, utapunguza mwendo. Ya nyuma hayakuambii kitu, mwanangu. Utashtukia gari limegeuka na mgonjwa yumo."

Mkunga alisimama kwenye ngazi, dripu mkononi. "Nakupa dakika kumi," alisema. "Ya kumi na moja nambeba mgongoni."

Hapo ndipo mume wa mgonjwa alipofika. Alimkwida mzee ukosi, akamwinua nusu kutoka chini. "Mke wangu anakufa, wewe unachezea magurudumu!"

Mzee hakujitetea. "Baba, utanipiga nikimaliza," alisema. "Sasa hivi shika jeki hiyo ya pili, unisaidie afike."

 Yule bwana akauachia ukosi, akashika jeki. Matope yaliwafika viwikoni. Nati moja ilikwama. Mzee akaikanyagia spana kwa uzito wake wote mpaka ikalia. Mpangaji wa safari, kwa kukosa la kufanya, alikuwa anaviringisha gurudumu kutoka mbele kwenda nyuma.  Kilichosikika ni mvua juu ya bati na mkunga akihesabu dakika.

Zilikuwa kumi na mbili. Gari likatoka.

Yaliyofuata tunayajua kutoka kwa Chapuchapu. Kilomita ya arobaini, akishuka kwenye kona ya machimbo ya kokoto, alikuta lori limeharibika, limeziba njia yake. Alikata usukani. Magurudumu ya mbele yakateleza. Aliuhisi usukani umekuwa mwepesi mkononi, akaachia mafuta taratibu kama alivyoelekezwa. Nyuma hakukuyumba. Gari likapita kati ya lori na korongo, na mkunga anaapa kwamba angenyoosha mkono angeligusa lori. Mgonjwa hakujua kitu. Mumewe alijua, kwa sababu alikuwa amekaa upande wa korongo.

Mama alipasuliwa saa kumi na moja kasoro. Alipona, na mtoto wa kike akapona.

Siku ya pili habari zilipofika, karakana nzima ilishangilia. Lakini mkunga alileta pia neno la daktari wa kule: mngechelewa robo saa nyingine, tungempoteza. Mzee Kipara aliposikia hivyo aliacha kucheka. Alikaa juu ya tairi la akiba, akainamisha kichwa, akahesabu kwa vidole. Dakika kumi na mbili zilikuwa zake. Zilibaki kumi na tano. Aliyeandika haya alimkuta hapo, akamwomba radhi kwa lile neno alilomwita. Mzee alimjibu kwa upole: "Hukukosea sana. Lingeweza kuwa kweli."

Mwingine angejisifu mpaka leo. Yeye aliomba kikao na uongozi na kusema kitu kimoja tu, kwamba mtu asiwekwe tena mahali pa kuchagua kati ya tairi na damu. Kwa hiyo kila siku, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari la wagonjwa linakaguliwa kabla ya chai: upepo, kina, umri wa raba, nati. Matairi mazuri zaidi yanakaa nyuma, na wote tunajua kwa nini. Kwa miaka kumi na moja gari hilo halijazuiwa getini hata dakika moja, kwa sababu halijawahi kufika getini likiwa na kasoro. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya Mzee Kipara, na kwa kuwa ni kazi ya mambo yasiyotokea, hakuna aliyempa cheti.

Anamwachia nafasi binti aliyefanya naye kazi miaka saba, fundi mwenye maneno machache kuliko yeye. Ijumaa iliyopita mzee alikagua gari la maabara, akalipitisha. Binti akalirudia nyuma yake kimyakimya, akapapasa upande wa ndani wa tairi la kulia, akasimama. "Shikamoo mzee," alisema, ingawa walishasalimiana asubuhi. "Hili halitoki."

 Mzee aliinama, akapapasa palepale, akakuta uvimbe mdogo kama punje ya mahindi. Alichukua fomu, akaifuta saini yake kwa mstari mmoja, akampa binti kalamu. Kisha akaenda kunawa mikono, na waliokuwa karibu na bomba wanasema alikuwa anaimba.

Mzee wetu, ahsante kwa kututilia ngumu tulipotaka kulainishwa. Siku zako za kupumzika na mama watoto ziwe nyingi, zenye afya na utulivu, na kila ukitoka safarini ufike salama.